Elm ya Baba na Mkazi Anayejali

Barua ile niliiandika mimi.

Naiandika sentensi hiyo nikiwa nimeketi mbali na Mama, ambaye bado ana masikio mazuri na bakora nzuri zaidi. Kwa miaka mingi nimeikana. Niliikana jikoni, niliikana matangani, na niliikana siku ya harusi yangu mwenyewe, Mama alipoanza kusimulia kisa hiki mbele ya wakwe. Kila alipofika pale pa "na mpaka leo hatujui ni shetani gani aliandika ile barua," mimi nilitikisa kichwa kwa masikitiko na kujiongezea sukari kwenye chai. Lawama ilimwangukia jirani yetu wa Kibera, mama muuza makaa, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja na aliyeweka kidole gumba kila palipohitajika sahihi. Mama hakuona tatizo lolote hapo. "Aliandikiwa na mtu," alisema.

Mwaka huu nilikwenda kumwomba radhi muuza makaa. Sasa ni ajuza mwenye meno matatu, na aliyatumia yote kunicheka. "Radhi ya nini, wewe? Hiyo barua ilinifaa," akasema. "Watu wote wa plotini walidhani naweza kuwaandikia serikali. Hakuna mtu alimwaga tena maji machafu mlangoni kwangu." Kwa hiyo amebaki Mama. Mama hasomi insha zangu. Anasema zina maneno mengi na mambo machache. Hapa basi ni mahali salama pa kuungama.

Mti wenyewe ulikuja kwetu Kawangware miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa mtunza bustani huko Lavington, kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyewahi kuishi Mashariki ya Mbali, akarudi na mazoea ya kukuza miti ndani ya sahani. Siku zile Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo, na kila aliyefunga mizigo aliwaachia wafanyakazi wake kitu. Kawangware ilijaa vitu hivyo: vitanda vya springi, gramafoni zisizo na sindano, friji zilizogeuzwa kabati za nguo kwa kuwa umeme haukuwapo. Mpishi wa nyumba ya pili alipewa meza ya watu wanane. Ilikataa kupita mlangoni, ikakaa nje mvua mbili mpaka ikaota uyoga. Basi siku Baba alipokwenda kuagana na mzee wake, Mama alifagia chumba, akapandisha masanduku juu ya kitanda, akaacha nafasi ya kitu kikubwa.

Baba alirudi jioni amekumbatia sahani ya bluu. Ndani yake ulisimama mti usiofika hata kwenye goti langu.

"Ni nini hiyo?" Mama akauliza.

"Ni mti."

"Mti naona. Kabati iko wapi?"

"Hakuna kabati, Mama watoto. Huu unaitwa elm. Asili yake China. Una miaka kumi na miwili."

Mama aliuzunguka polepole, kama anayekagua mbuzi wa mahari. "Miaka kumi na miwili, na uko hivi? Ulinyimwa nini?"

Majirani nao walikuja kuutazama kama watu wanavyokuja kutazama mtoto mchanga, ila bila zawadi. Mmoja alitaka kujua unazaa nini. Baba akasema hauzai. Kuni? Hapana. Dawa ya tumbo? Hapana. "Sasa unafanya nini, mzee?" Baba akafikiri. "Unakaa," akajibu, na kwa majuma kadhaa hilo likawa neno la mtaa. Mtu akimwona kijana asiye na kazi alisema huyu naye ni mti wa mzee, anakaa.

Lakini haukuwa unakaa tu, na mimi nilijua, kwa sababu nilipewa kazi ya kuumwagilia. Baba alinieleza kwamba huko kwao elm hupanda juu kuliko nyumba ya ghorofa, na kwamba huu wetu haukudumaa, bali ulikuwa umetunzwa uwe mdogo. Kila mwaka aliutoa kwenye sahani, akaikata mizizi kwa mkasi wa kushonea, akaurudisha kwenye udongo mpya wa matofali yaliyopondwa, mchanga uliochekechwa na samadi ya kulamba tu. Matawi aliyafunga waya wa shaba aliouchomoa kwenye dinamo mbovu, akayapinda kidogo kidogo, nusu kidole kwa mwezi. Yule mzee alikuwa amemwambia, "Usiushibishe. Mti wa sahani ukishiba unaota ujinga." Baada ya miaka michache shina lilinenepa, gamba likaanza kubanduka na kuacha mabaka ya rangi ya machungwa, na ukiinama, ukafumba jicho moja, ulikuwa unatazama mti mkubwa sana ulio mbali sana. Hata Mama alikutwa siku moja ameinama, jicho moja kalifumba. Alisema ameangusha kifungo.

"Wewe unakua kwenda juu," Baba aliniambia, "na huu unakua kwenda ndani." Nilikuwa na miaka tisa, nikaona ni mimi niliyepewa upande bora.

Tulihamia Kibera Baba alipopata kazi kwenye vitalu vya miche kando ya Barabara ya Ngong. Kitanda na masanduku vilikwenda kwa mkokoteni. Mti ulikwenda mikononi mwa Baba, kwa miguu, tangu Kawangware mpaka Kibera, na Mama alitangulia hatua ishirini mbele ili isijulikane kwamba wanafahamiana. Hata hivyo sahani ya bluu ilipasuka njiani, mlango wa pili kabla ya kufika, kama ilivyo desturi ya vitu vya thamani. Fundi mmoja wa mtaa wa Gatwekera alimkatia Baba karai la kuogea, akalipunguza kina, akalitoboa matundu chini. Mti uliingia humo bila kulalamika.

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi wa Kinubi, ambaye sote tulimwita Habuba, kama Wanubi wanavyomwita nyanya. Alikuwa na duka dogo upande wa barabarani na vyumba sita nyuma yake. Alimtazama Baba akiingia na mti, akautazama na mti wenyewe, akasema, "Huu haulipi kodi, lakini una adabu kuliko wapangaji." Akamwonyesha ukuta wa nyuma, mahali pekee katika ploti nzima pasipopigwa na jua la mchana. Elm ikakaa pale, juu ya kreti la soda, na ikapapenda.

Kisha mimi nikaenda chuo kikuu, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Nilisomea fasihi. Lakini kwa watu wa plotini chuo kikuu kilikuwa chuo kikuu, na nikirudi likizoni waliniletea kila kitu kilichoharibika. Waliniletea redio, goti lililovimba, barua ya mahakama, kuku aliyegoma kutaga. Waliniita Msomi. "Msomi, hebu angalia hii." Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nimesoma vitabu vingi sana, lakini katika vyote sikuwa nimejifunza namna ya kusema "sijui." Kuku yule nilimwagizia dawa kutoka kwenye ensaiklopidia. Alipona, kwa sababu zake mwenyewe, na sifa zangu zikafika mpaka mtaa wa Silanga.

Likizo moja ndefu nilirudi na sanduku la vitabu, nikaviweka chini ya dirisha la chumba chetu. Hapo dirishani ulikuwa ukining'inia mkebe wa Mama wa munyu. Mama ni mtu wa magharibi mwa Kenya, na mboga ya mrenda kwake haipikwi kwa chumvi ya dukani peke yake. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akajaza majivu yake kwenye mkebe uliotobolewa kwa msumari, akamimina maji juu, na maji yakachujika tone kwa tone, ya rangi ya chai ya rangi, ndani ya kikombe cha bati kilichofungwa kwa chini. Maji hayo ndiyo munyu. Hulainisha mboga hata iwe ngumu namna gani. Kikombe kilipojaa bila mtu kuona, kilimwagikia chini, na siku ya pili ya likizo kilimwagikia juu ya kitabu changu cha tamthilia. Nikauchukua mkebe kwa hasira ya kisomi, nikaupeleka nyuma ya nyumba, nikautundika kwenye msumari wa ukuta wa nyuma, mahali pazuri penye kivuli, na Mama akawa anaumiminia maji huko kila usiku.

Nautaja msumari huo kwa sababu mimi niliusahau siku hiyo hiyo.

Baada ya mwezi na nusu elm ilianza kugeuka. Majani yalikuwa ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kisha kingo zikawa kahawia kana kwamba mtu amezipitishia kibiriti. Kisha yakaanza kuanguka. Baba aliupunguzia maji, akauongezea maji, akausogeza kwenye jua la asubuhi, akaurudisha. Jioni akitoka kazini alipita nyuma kwanza kabla ya kuingia ndani, na Mama, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akiuita "ule ugonjwa wako," sasa aliuliza kwa sauti ya chini, "Umekula leo?" na hakuwa anamwuliza Baba.

"Msomi," Habuba akaniambia, "mti wa baba yako unakufa na wewe umekaa. Angalia vitabu."

Nikaangalia vitabu. Nilipanda basi mpaka maktaba ya chuo, nikaomba kitabu cha magonjwa ya miti, na katika dakika kumi nikapata nilichotaka. Elm! Kulikuwa na ugonjwa wa kuvu uliokuwa ukiziua elm kote Ulaya miaka ile ile, watu wakizikata barabara nzima na kuzichoma. Majani hugeuka manjano, kikasema kitabu, hukauka, huanguka. Nilihisi furaha ambayo hadi leo inanitia aibu. Mti wa baba yangu ulikuwa unakufa, na mimi nilikuwa nikifurahi kwa sababu unakufa kwa jambo la kimataifa.

Nilifunga kitabu pale pale. Kilikuwa na ukurasa wa pili kuhusu ugonjwa huo. Sikuufungua.

Nikaketi maktabani nikaandika barua kwa ofisi ya serikali inayohusika na magonjwa ya mimea, kurasa tatu, kwa mwandiko wangu bora, wenye herufi za kulalia upande wa kulia. Nilieleza kwamba ugonjwa hatari umeingia nchini kupitia Kibera. Nilitumia neno "dharura" mara nne. Nikatoa maelekezo ya plotini kwetu, jina la vitalu anakofanya kazi mwenye mti, na nambari ya simu ya duka la Habuba. Mwishoni sikutia jina. Lilionekana dogo mno chini ya barua kubwa namna ile, na tena nilitaka afisa atakapofika, aliyeandika agunduliwe polepole, mbele za watu, kwa mshangao. Nikatia sahihi, "Mkazi Anayejali."

Nilidhani wataleta dawa. Ndivyo nilivyodhani kweli.

Afisa alikuja siku ya tatu, amevaa kaki na buti za mpira, na mkoba chini ya kwapa. Ploti nzima ilitoka. Alisimama mbele ya karai la kuogea, akavua kofia.

"Elm," akasema, kama mtu aliyemwona simba sebuleni. "Mwenye mti ni nani?"

"Ni mimi," Baba akasema.

"Mzee, tumepata ripoti." Akaifungua barua yangu, akaisoma kwa sauti, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kurasa zote tatu. Nilisubiri wakati wa kugunduliwa. "Ikiwa ni huo ugonjwa," akamaliza, "sheria ni moja. Mti unachomwa. Na udongo, na hilo karai. Na lazima tupite hivyo vitalu unavyofanyia kazi, tuone kama kuna mwingine."

Hapo hamu yangu ya kugunduliwa ikakauka mdomoni.

"Nani ameandika hiyo?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa tamu, jambo ambalo liliwafanya wanaomfahamu warudi nyuma hatua moja.

"Haikuandikwa jina. Ni Mkazi Anayejali."

Mama akageuka polepole akamtazama muuza makaa, ambaye wiki moja kabla walikuwa wamegombana juu ya mtaro wa maji machafu.

"Mimi?" muuza makaa akapaza sauti. "Mimi nijali mti yenu? Mimi hata bwana yangu sijali!"

Watu wakacheka, ila Mama. Baba alikuwa amenyoosha mkono. "Naweza kuiona?" Afisa akampa barua. Baba aliishika mbali kidogo na macho, akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kitu asichokijua, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha.

"Ameandika vizuri," akasema.

Afisa alikata tawi moja, akachuma majani, akachota udongo kwenye bahasha. Akaufunga mti utepe mwekundu. Usisogezwe, usiguswe, usikatwe, usitolewe karaini. Majibu yangekuja kwa simu, Alhamisi ya juma lililofuata, saa kumi. "Mzee, pole," akasema akiondoka, na akageuka mara mbili kuutazama.

Nikaishi siku tisa ambazo sikuwa na hamu ya kuitwa Msomi. Habuba alileta chetezo cha udi, akaufukizia mti asubuhi na jioni, akisema utepe mwekundu ni jicho baya la serikali. Wanawake wa kanisa la Mama walitaka kuja kuuombea, Mama akakataa. "Niombee mti? Kesho mtasema naabudu miti." Usiku huo huo nilimsikia nyuma ya ukuta akimweleza Mungu kwamba haombi kwa ajili ya mti, anaomba kwa ajili ya mwanamume aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja akapewa kitu kimoja tu, na kwamba kama Mungu ana haja na kitu, achukue redio.

Mimi nilirudi maktabani. Nikafungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ulisema kwamba ugonjwa huo huacha michirizi ya kahawia ndani ya mbao. Ukikata tawi, utaiona. Ulisema unaenezwa na aina ya mbawakawa, ambao hawasafiri wenyewe mpaka Afrika kumtafuta mzee mmoja wa Kibera. Ulisema pia kwamba elm za kutoka China huuvumilia ugonjwa huo kuliko za Ulaya. Nilikaa mbele ya ukurasa ule nikahisi kama mtu aliyepiga kelele za moto kwenye nyumba ya watu, kisha akagundua ni ugali ulioungua.

Nilikimbia nyumbani, nikamkuta Baba amechuchumaa mbele ya mti. Nikamweleza habari za michirizi, nikijifanya nimeambiwa na rafiki. Baba hakugeuka. Alionyesha kwa kidole pale afisa alipokata tawi. Kisiki kilikuwa cheupe pe, safi kama jino la mtoto.

"Niliona siku ile ile," akasema. "Miaka yote ile ya kumkatia mzee wa Lavington miti yake, nitakosaje kujua ndani ya mti mgonjwa kunafanana vipi? Huu si mgonjwa. Huu kuna kitu unalishwa."

"Sasa mbona hukumwambia afisa?"

"Alikuja na karatasi," Baba akasema. "Mtu mwenye karatasi humwambii. Unamwacha aone."

"Na asipoona?"

Baba aliokota jani moja lililoanguka, akaliweka mfukoni mwa shati. Nilipofua shati lile baadaye nilikuta majani kumi na saba.

Alhamisi, kuanzia saa tisa, watu walianza kuwa na haja ya kununua vitu kwa Habuba. Mmoja alinunua kiberiti, akabaki. Mwingine alikuja kuuliza bei ya sukari, akabaki. Muuza makaa alisimama nje kwenye kizingiti, mikono kiunoni, akitangaza kwamba amepita tu. Baba aliomba ruhusa kazini akaja na nguo zake za udongo. Mama alivaa kitambaa cha kanisani. Simu ya Habuba ilikuwa nyeusi, imefungwa kufuli kwenye tundu la kupigia ili mtu asipige. Kupigiwa tu ndiko kulikoruhusiwa. Sote tuliitazama ile kufuli kana kwamba ndiyo itakayoamua.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo ikapita. "Serikali," mtu akasema, na mwingine akamnyamazisha.

Simu ikalia.

Habuba alijifuta mikono, akaiacha ilie mara tatu kwa heshima ya duka, akainua. "Halo. Ndiyo. Ndiyo, ni hapa. Ngoja." Akaniletea mkono wa simu. "Msomi. Hii ni yako."

"Ni nyumba yenye mti?" Ilikuwa sauti ya yule afisa.

"Ndiyo."

"Wewe ni nani?"

"Binti yake."

"Basi sikiliza, binti. Tumepasua lile tawi, tumelitazama kwa hadubini, tumejaribu kuotesha kuvu kutoka ndani yake. Hakuna kitu. Si ule ugonjwa. Si ugonjwa wowote. Huo mti ni mzima kuliko mimi."

Nikageuka. Nyuso zote zilikuwa zimenielekea, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na jibu la kweli. "Si ugonjwa!" nikapiga kelele. "Hauchomwi!"

Vigelegele vilianzia kwa Mama vikatoka nje mpaka barabarani. Muuza makaa alipiga mapaja yake akisema, "Si niliwaambia! Si niliwaambia!" ingawa hakumwambia mtu yeyote. Mama alimkumbatia kwa nguvu, akakumbuka kwamba hawasalimiani, akamwachilia, kisha akaona haya akamkumbatia tena. Mtu aliyenunua kiberiti alikuwa akimpa mkono kila mtu, kana kwamba amezaa. Baba peke yake alibaki pale pale alipokuwa, ameshika kaunta kwa mikono miwili, na niliona mabega yake yakishuka polepole, kama mtu anayetua mzigo bila kutaka uvunjike.

"Sijamaliza!" afisa alikuwa akisema sikioni. "Shida ni udongo. Udongo wenu umejaa magadi. Umekuwa mkali, mti hauwezi kula. Mnaumwagia nini?"

Mbele ya macho yangu, waziwazi kama picha ukutani, ukaning'inia mkebe. Chini yake kikombe kimejaa, kinamwagika. Chini ya kikombe, karai.

"Nitachunguza," nikasema.

"Chochote mnachoumwagia, acheni leo. Badilisheni udongo wote, mwoshe mizizi kwa maji safi. Baada ya mwezi mtaona machipukizi. Na utepe wangu mfungueni. Sasa nipe mzee."

Baba alijipangusa mikono kwenye suruali, akashika simu. Nilisimama karibu naye, sikio langu karibu na lake, kwa hiyo nilisikia kila neno licha ya vigelegele.

"Mzee," afisa akasema, na sauti yake ilikuwa imevua zile buti za mpira, "nataka kuuliza jambo ambalo si la kazi. Nimesomea miti miaka mingi. Sijawahi kuona mtu akiiweka elm hai kwenye karai. Ni vigumu kujifunza?"

"Si vigumu," Baba akasema. "Ni polepole."

"Naweza kuja?"

"Njoo Jumapili, tukitoka kanisani. Utakula mrenda kwetu. Lakini uje na sahani yako ya mti. Hii yangu usiitamani."

Afisa akacheka. Kisha akasema, "Na hii barua, mzee? Nikuletee uione tena? Pengine utaweza kumtambua jirani yako."

Baba alitazama nje, Mama na muuza makaa walipokuwa wamejaza barabara. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nikisoma maandishi ya pakiti ya chumvi kwa makini ambayo chuo kikuu kingejivunia.

"Ibaki huko huko, bwana," Baba akasema taratibu. "Mwandiko huo naujua. Ni mimi niliyeulipia karo."